Kushuka, Kuteka na Kutamalaki: Muda wa Uvamizi wa Baharini katika Upwa wa Waswahili, 1505–1890

Ikisiri

Makala haya yanachunguza muda uliohitajika kwa majeshi yaliyofika kwa bahari kuitia mkononi miji ya upwa wa Waswahili baina ya mwaka 1505 na 1890. Historia za kijeshi zimezoea kuhesabu muda huo tangu askari waliposhuka pwani hadi mji ulipoanguka. Kwa kuyasoma matukio ya Mombasa, Lamu na Mrima sambamba na tarihi na tungo za Waswahili, makala yanadai kwamba kuteka mji kulikuwa kazi ya siku chache ilhali kuutamalaki kulichukua miaka, na kwamba pepo za msimu na watu wa nchi kavu ndio walioamua urefu wa miaka hiyo kuliko mizinga.

Utangulizi

Katika orodha za vita vifupi kabisa duniani, Zanzibar hupewa nafasi ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza ziliipiga kasri ya Sultani kwa mizinga kwa muda wa dakika zipatazo 38. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama bandarini. Sayyid Khalid bin Barghash akakimbilia katika ubalozi mdogo wa Ujerumani. Na siku hiyohiyo Sayyid Hamud bin Muhammad akatawazwa. Hesabu ya dakika haina kasoro, lakini haielezi lolote kuhusu muda wa kuitwaa nchi. Waingereza hawakuanza kuingia Zanzibar saa tatu asubuhi ya siku ile. Jeshi la Sultani lilikuwa limeundwa na kuongozwa na Mwingereza, Lloyd Mathews, tangu mwaka 1877, na nchi yenyewe ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890. Dakika 38 zilikuwa za mwisho katika shughuli ya miaka kumi na tisa.

Mazoea ya kupima uvamizi wa baharini kwa vita vyake vya kwanza si ya upwa wa Afrika Mashariki pekee. William wa Normandy alishuka kusini mwa Uingereza tarehe 28 Septemba 1066 akavikwa taji London siku ya Krismasi, yaani siku 88 baadaye, na vitabu vingi vya shule hufunga hesabu hapo. Hata hivyo, nchi ya kaskazini haikutulia mikononi mwake hadi alipoiteketeza katika majira ya baridi ya 1069 na 1070, na bado mwaka 1071 kulikuwa na waasi katika vinamasi vya Ely. Taji lilitangulia ufalme kwa miaka minne au mitano.

Kiswahili kina maneno ya kuzitenga hatua hizi. Askari hushuka pwani, mji hupigwa, ngome huhusuriwa, mji hutekwa au hutwaliwa, na mwishowe nchi hutamalakiwa. Kitenzi hiki cha mwisho, chenye asili ya Kiarabu na udugu na maneno miliki na mamlaka, hakina maana ya kushinda vita. Maana yake ni kuwa mwenye kitu, kukishika kama mali. Mtu aweza kuuteka mji asubuhi na kuuacha jioni. Hawezi kuutamalaki kwa namna hiyo. Makala haya yanaichukua tofauti hiyo ya msamiati kuwa chombo cha uchambuzi, na yanauliza swali moja: ni muda gani ulipita baina ya kuteka na kutamalaki, na muda huo uliamuliwa na nini? Mombasa ndiyo inayopewa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna mji mwingine wa upwa huu uliovamiwa kutoka baharini mara nyingi kiasi hicho na mavamizi yake kuandikwa kwa kina hicho.

Saa ya pepo

Kabla ya mashine za mvuke, kalenda ya vita vya baharini katika Bahari ya Hindi ilikuwa ileile ya biashara. Kaskazi huanza kuvuma mnamo Novemba au Desemba na kudumu hadi Machi. Huleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na India. Kusi hushika tangu Aprili na kuvirudisha. Baina ya misimu hiyo kuna kipindi kifupi cha maleleji ambapo upepo hauna mwelekeo wa kutegemewa. Hakuna amiri aliyeweza kuibatilisha ratiba hiyo. Jeshi lililotoka Maskati au Goa lilifika na kaskazi, na kama halikumaliza kazi kabla ya msimu kugeuka, lilikuwa na hiari mbili: kuondoka na kusi, au kubaki na kujilisha hadi kaskazi nyingine. Jeshi lililotoka Lisbon lilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika katikati ya kusi, likiwa na haraka ya kuuwahi upepo huohuo kabla haujakwisha ili lifike India.

Haraka hiyo ndiyo iliyoupa mwaka 1505 sura yake. Francisco de Almeida, aliyekwenda kuwa mwakilishi wa kwanza wa mfalme wa Ureno huko India, alifika Kilwa mwezi wa Julai akiwa na kundi kubwa la meli. Amir Ibrahim alikimbia. Mji ulitwaliwa karibu bila vita. Mahali pake akawekwa Muhammad Ankoni, na ngome ikajengwa kwa siku chache. Katikati ya Agosti Wareno walikuwa Mombasa. Huko walipigwa mizinga walipoingia bandarini na kukabiliwa kwa mishale na mawe katika vichochoro, lakini haikuchukua zaidi ya siku tatu hadi mji kuchomwa moto na kuporwa. Kisha wakaondoka. Hawakuacha hata kikosi kidogo, na kabla ya Septemba kwisha meli za Almeida zilikuwa zimekwisha kufika pwani ya India.

Kwa hesabu ya siku, hayo ni mafanikio makubwa: miji miwili mikuu ya upwa katika muda wa mwezi mmoja. Kwa hesabu ya kutamalaki, matokeo ni mengine kabisa. Muhammad Ankoni aliuawa mwaka uliofuata, Kilwa ikaingia katika fitina za urithi, na mwaka 1512 Wareno waliihama ngome yao kwa sababu haikuwa na faida tena: biashara ya dhahabu waliyoifuata ilikuwa imewakwepa. Mombasa nayo ilijengwa upya, ikawa tena adui mwenye nguvu. Miaka 23 baadaye, Nuno da Cunha alipofika akiwa amechelewa kusi, alilazimika kukaa upwani msimu mzima. Aliitwaa Mombasa mnamo Novemba 1528 bila taabu kubwa, akaishi ndani yake hadi Machi 1529, na hiyo miezi michache ya kuwa ndani ya mji iliwagharimu Wareno watu wengi kuliko siku ya kuuteka, kwa maradhi na kwa mashambulizi ya watu waliohamia bara na kurudi usiku. Upepo ulipogeuka, aliuchoma mji na kwenda zake. Mahali palipotekwa mara mbili palikuwa bado hapajamilikiwa hata mara moja.

Kilichobadili hali hiyo hakikutoka baharini. Mwaka 1589, meli za Wareno kutoka Goa ziliingia bandari ya Mombasa kumfuata Mir Ali Bey, nahodha Mturuki aliyekuwa amepokelewa vema na miji mingi ya upwa. Wakati huohuo, ng'ambo ya kivuko cha Makupa lilikuwako kundi la wapiganaji waitwao Wazimba katika maandishi ya Kireno. Watetezi wa kisiwa walibanwa pande mbili. Wazimba walivuka, na mji ukaangamia. Walipoelekea Malindi, Wazimba walivunjwa na Wasegeju, na miaka michache baadaye mtawala wa Malindi, rafiki wa Wareno tangu siku za Vasco da Gama, alihamishia makao yake Mombasa. Hapo ndipo, mwaka 1593, ujenzi wa Ngome ya Yesu ulipoanza kwa ramani ya mhandisi Giovanni Battista Cairati. Tangu Almeida aliposhuka pwani hadi jiwe la kwanza la ngome ilikuwa imepita miaka 88. Kwa sadfa tu, idadi hiyo ni sawa na ya siku za William kutoka ufukweni hadi kwenye taji, na pengine ndiyo sababu inastahili kukumbukwa: tarakimu ileile, kipimo kingine. Na mlango ulikuwa Makupa, upande wa bara, wala si Kilindini.

Miezi thelathini na mitatu

Ngome ilipokwisha kusimama, swali la muda lilipata umbo jipya. Kabla ya 1593 aliyeutaka mji alipigana na mji. Baada ya hapo alipaswa kupigana na jengo. Hilo lilionekana mwaka 1631, Yusuf bin Hasan alipomuua kapteni wa Kireno na kuishika ngome kutoka ndani. Mtawala huyo, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, alikuwa amerejea katika Uislamu. Meli zilizotumwa kutoka Goa zilifika Januari 1632, zikapiga kwa takriban miezi miwili, kisha zikarudi zilikotoka bila kitu. Wareno walirejea ngomeni baadaye mwaka uleule, lakini ni kwa sababu Yusuf mwenyewe aliivunja kadiri alivyoweza, akapakia mizinga na kuondoka. Uvamizi ulishindwa, kuhama kwa mtetezi ndiko kulikoleta kile ambacho uvamizi ulikuwa umekitafuta.

Waomani, walioitwaa Maskati kutoka kwa Wareno mwaka 1650, walijifunza somo hilo polepole. Tarihi za Mombasa zinasimulia wajumbe wa mji waliokwenda kumwomba Imamu msaada, na katika miaka iliyofuata meli za Oman zilikuja mara kwa mara, zikaupora mji wa Mombasa mara moja, zikaiacha ngome na kurudi na kusi. Hayo yalikuwa mashambulizi ya msimu mmoja. Kampeni ya Imamu Seif bin Sultan ilikuwa ya namna nyingine, na siri yake imo katika tarehe zake.

Kundi la meli za Oman lilionekana mbele ya Mombasa tarehe 13 Machi 1696. Msomaji asiyejua pepo ataiona tarehe hiyo kuwa ya kawaida. Nahodha wa jahazi angeiona mara moja kuwa imechaguliwa. Machi ni mwisho wa kaskazi. Aliyefika siku hizo alikuwa na uhakika kwamba hakuna meli ya Goa itakayoweza kumfuata kwa muda wa miezi minane au tisa. Kwa kujifungia upwani, Waomani waliwafungia mlango wapinzani wao pia. Ndani ya ngome walikuwamo askari Wareno wasiofika mia, pamoja na mamia ya watu wa upwa, wanawake na watoto wakiwamo, waliokimbilia humo. Si wote walikuwa wamekosa pa kwenda. Wapo walioingia kwa kuwa vita vyao na jirani vilikuwa vimewaweka upande huo: Faza, kwa mfano, ilikuwa na uhasama wa muda mrefu na Pate katika kisiwa kimoja, na Pate ilipoelekea kwa Waomani, Faza ilielekea kwa Wareno.

Msaada wa Goa ulifika Desemba 1696, yaani kaskazi ilipofungua njia. Uliingiza watu na chakula, na kwa muda ulionekana kuwa umeiokoa ngome. Ndipo tauni ilipoingia. Katika miezi ya kwanza ya 1697 iliua ndani ya kuta watu wengi kuliko mizinga ya Oman ilivyoua kwa mwaka mzima, na mwezi wa Agosti kapteni wa mwisho wa Kireno akafa. Kwa majuma kadhaa ngome iliyobeba jina la Yesu na nembo ya mfalme wa Ureno ilishikwa na Bwana Daud wa Faza, pamoja na Waswahili wachache wa kiume na wa kike waliosalia. Tukio hili linastahili nafasi kubwa zaidi ya ile linayopewa. Husuri ya Mombasa husimuliwa kama shindano la Waomani na Wareno, lakini katika wakati wake wa hatari kabisa waliokuwa juu ya kuta na baadhi ya waliokuwa chini yake walizungumza lugha moja, na huenda walijuana kwa majina.

Septemba 1697 meli za Kireno zilifika tena, safari hii zikitoka Msumbiji kwa upepo wa kusi. Mwezi uliofuata mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome. Mabaki yake yalichunguzwa na wanaakiolojia wa chini ya bahari katika miaka ya 1970. Ngome ilipata mwaka mmoja zaidi. Ilipoanguka, tarehe 13 Desemba 1698, Waomani walipanda kuta zilizobakiwa na walinzi wachache mno kuweza kuzitetea. Siku saba baadaye meli za Goa zilizoletwa na kaskazi mpya zilitokea mbele ya bandari, zikaiona bendera nyingine ikipepea, zikapita bila kushusha nanga.

Miezi 33 hiyo hutajwa kuwa ushahidi wa uimara wa jengo la Cairati, na ni kweli kwamba kuta hazikubomolewa. Lakini ukiigawa kwa misimu, unapata hesabu nyingine: kaskazi tatu na kusi tatu, kila moja ikileta au kuzuia chakula, watu na maradhi. Waliohusuru waliweza kukaa kwa sababu walilishwa na upwa. Waliohusuriwa walikuwa wakilishwa na bahari, na bahari ilifunguliwa kwao kwa vipindi. Katika hali kama hiyo swali halikuwa kama ngome itaanguka. Lilikuwa ni msimu gani.

Wareno walipata nafasi ya kuthibitisha hoja hiyo kinyumenyume. Machi 1728, Oman ikiwa imezama katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na Pate ikiwa imewaita, walirudi na kuichukua Ngome ya Yesu karibu bila kupigana. Huo ni uvamizi wa baharini uliofaulu haraka kuliko wote waliowahi kuufanya Mombasa tangu ngome ijengwe. Ulidumu miezi ishirini. Watu wa mji waliinuka, wakawafungia ndani hadi chakula kilipokwisha, na Novemba 1729 Wareno wakatoka na hawakurudi tena, isipokuwa kama wageni. Kwa mara nyingine hakikuhitajika kikosi cha majini kuwatoa.

Kuduhu na miaka tisa ya Sayyid Said

Kuna uvamizi mmoja uliofanywa na Waswahili dhidi ya Waswahili ambao ulikwisha kwa siku moja na kuzaa matokeo ya karne nzima. Mnamo mwaka 1812 au 1813, majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishuka Shela, kusini mwa mji wa Lamu. Watu wa Lamu waliwatokea, wakawavunja na kuwarudisha ufukweni. Huko bahari ilikuwa imekupwa. Vyombo vilikuwa vimelala mchangani, na waliokuja kwa maji hawakuwa na maji ya kurudia. Tarihi ya Lamu iliyoandikwa na Shaibu Faraji al-Bakariy, na kuchapishwa na William Hichens mwaka 1938, inalipa tukio hilo nafasi ya heshima pamoja na habari za uganga na hila. Mwanahistoria aweza kuviweka kando vitu hivyo viwili, lakini asiiweke kando habari ya maji. Kushuka pwani bila kupiga hesabu ya kujaa na kupwa ni kosa ambalo hata mvuvi mwanagenzi hafanyi, na kwamba lilifanywa na watu wa Pate na Mombasa huonyesha jinsi walivyokuwa na hakika ya kuupata mji kabla ya maji kukupwa.

Vita hivyo, viitwavyo pia vya Kuduhu, vilipiganwa kwa maneno kabla na baada ya kupiganwa kwa silaha. Mashairi waliyopelekeana washairi wa miji hiyo yamekusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu. Kwa swali la makala haya, majibizano hayo yana thamani ya pekee kwa kuwa yanaonyesha kwamba washiriki wenyewe hawakuihesabu siku ya Shela kuwa vita vizima. Kwao vita vilikuwa mabishano marefu ya nani ana haki juu ya nani, na siku ya mapambano ilikuwa ubeti mmoja ndani yake. Walioshinda waliliona hilo. Wakijua kwamba Mombasa itarudi, wakuu wa Lamu walimwomba Sayyid Said bin Sultan liwali na ulinzi, naye akawapa. Uvamizi wa Mazrui ulishindwa kwa siku moja. Wa Sayyid Said, ambaye hakuwa amepeleka hata jahazi moja vitani, ukawa umefaulu.

Zanzibar inakumbukwa kuwa Novemba 1914 ilikuwa upande wa waliotuma jeshi, na Tanga ilikuwa upande wa waliolipokea. Askari wapatao 8,000 waliotoka India walishuka huko tarehe 2, na tarehe 5 waliobaki wakarudi melini, wameshindwa na kikosi kidogo sana cha Wajerumani na askari wao wa Kiafrika kilicholetwa kwa reli. Nyuki waliowashambulia wamepata sifa zaidi ya reli. Tanga iliingia mikononi mwa Waingereza Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wameihama kwa sababu ya jeshi lililoshuka kutoka kaskazini kwa nchi kavu.

Kwa Mombasa, Sayyid Said hakupata urahisi alioupata Lamu. Alifika yeye mwenyewe na meli zake Januari 1828. Mazrui walikubali mapatano: askari wa Sayyid wakae ngomeni, na Salim bin Ahmed abaki kuwa liwali wa mji. Sayyid alipoondoka, mapatano yaliondoka naye. Askari wake walifungiwa ndani ya ngome kwa miezi kadhaa hadi njaa ikawatoa, jambo ambalo mtu yeyote aliyejua habari za 1729 angeliweza kulitabiri. Alirudi mwishoni mwa 1829, akashindwa. Akarudi 1833, akapiga kwa mizinga, akashindwa tena. Safari ya mwaka 1837 ilitofautiana na hizo si kwa wingi wa meli. Salim bin Ahmed alikuwa amefariki, Mazrui walikuwa wamegawanyika kuhusu urithi, na baadhi ya wakuu wa mataifa ya Mombasa walikuwa wamechoka na kumwita Sayyid wenyewe. Ngome ilikabidhiwa. Kabla ya mwaka kwisha, viongozi wa Mazrui walikamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas, wasirudi.

Muyaka bin Haji aliishi miaka yote hiyo. Tungo zake za kisiasa, zilizohifadhiwa kwa kumbukumbu za watu wa Mombasa na baadaye kuchapishwa na Hichens mwaka 1940, mara nyingi husomwa kama ushahidi wa ushujaa wa mji, na M. H. Abdulaziz amezieleza kwa undani kuwa sauti ya umma. Zina thamani nyingine. Kwa kuwa hazikutungwa baada ya matokeo kujulikana, zinamwonyesha msomaji kila kuwasili na kila kuondoka kwa meli za Sayyid jinsi kulivyoonekana wakati wake: kama jambo lililokwisha. Mara tatu Mombasa ilikuwa na haki ya kuamini kwamba imeshinda, na mara tatu ilikuwa kweli. Mwanahistoria anayeandika kwamba kampeni ya Mombasa ilichukua miaka tisa anasema kitu ambacho mshairi wa mji, katika mwaka wowote kati ya hiyo tisa isipokuwa wa mwisho, asingekitambua. Kwake vilikuwa vita vitatu, vyote vya ushindi, kisha usaliti. Hesabu ya miaka tisa ni ya Zanzibar.

Mrima na mwaka 1307

Tofauti ya hesabu baina ya mvamizi na mvamiwa haionekani kokote waziwazi kama katika jina linalojulikana nalo utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, ulioharirirwa na J. W. T. Allen: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H. Kichwa hicho kina mambo mawili yanayostahili kuangaliwa, nayo ni kitenzi na mwaka.

Kwa maandishi ya Kijerumani, kuingia kwao Mrima kulitokea tarehe 16 Agosti 1888. Siku hiyo, kwa mapatano yaliyotiwa saini na Sayyid Khalifa mwezi wa Aprili, maofisa wa kampuni ya Kijerumani walichukua forodha na utawala wa bandari za upwa. Kwa kalenda ya Kiislamu hiyo ilikuwa mwezi wa mwisho wa mwaka 1305, Idi Kubwa ikiwa karibu. Pangani, ofisa wa kampuni alisisitiza kupandisha bendera yake, na askari wa manowari waliingia msikitini kumtafuta liwali. Katika majuma machache Abushiri bin Salim alikuwa ameongoza upinzani huko, Bwana Heri akiwa Saadani. Kilwa maofisa wawili wa kampuni waliuawa. Na mwishoni mwa Septemba, kati ya bandari zote, kampuni ilikuwa imebaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena chini ya ulinzi wa mizinga ya manowari. Meli zilikuwa zimeitoa pwani kwa siku moja. Pwani ilikuwa imejirudisha kwa siku arobaini.

Mwaka 1306 ulikuwa wa kuzingirwa. Meli za Ujerumani na Uingereza ziliufunga upwa tangu Desemba 1888, na Abushiri akashambulia Bagamoyo. Mwishoni mwa Machi 1889 alifika Hermann Wissmann na jeshi la kulipwa, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Huyu hakutegemea meli kwa zaidi ya kubeba watu. Alikwenda nchi kavu: boma la Abushiri karibu na Bagamoyo lilitekwa mwezi wa Mei, Saadani ikashambuliwa Juni, Pangani ikatwaliwa Julai. Kisha ulianza mwaka 1307, na ndani yake yakatokea yaliyosalia. Abushiri, aliyekuwa amekwenda bara kutafuta wapiganaji wapya, alitiwa mikononi mwa Wajerumani na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri Aprili 1890. Mwezi wa Mei meli zilikwenda kusini, na Kilwa na Lindi zikashikwa.

Yaani kichwa cha utenzi hakiutaji mwaka ambao bendera ilipandishwa, wala mwaka ambao vita vilikuwa vikali zaidi. Kinautaja mwaka ambao aliyeipandisha alipata kuwa mwenyewe. Haidhuru kama tarehe hiyo ilitiwa na Hemedi au na mwandishi wa nakala. Aliyeiandika alikuwa na maana thabiti ya kitenzi kutamalaki, na aliitumia kwa usahihi ambao taarifa za kampuni hazikuwa nao. Kwa kampuni, Mrima ulikuwa wao kwa hati tangu Aprili 1888 na kwa bendera tangu Agosti, na kilichofuata kilikuwa uasi. Neno uasi linahitaji mwenye mali aliyetangulia. Utenzi, kwa kuuweka umiliki mwishoni mwa vita badala ya mwanzoni mwake, unawanyima Wadachi nafasi hiyo kwa miezi ishirini, na kuuita muda wote huo kwa jina lake, vita. Wanahistoria wengi wa karne ya ishirini waliendelea kuandika "uasi wa Waarabu", jina la Kijerumani lililokosea kuhusu kilichotokea na kuhusu waliokifanya, wakati matini ya Kiswahili yenye jina lililo sahihi zaidi ilikuwa imekwisha kuchapishwa, ikisomwa darasani kwa ajili ya vina na mizani yake.